Raundapu na busta kwenye bomba moja: nani anammaliza mwenzake?

Kila mwaka mvua zikikaribia, kati ya Oktoba na Desemba, simu yangu hujaa ujumbe wa aina mbili. Wa kwanza: "Bwana shamba, nimepiga raundapu wiki mbili sasa. Nyasi zilinyauka kidogo, halafu zimeamka." Wa pili: "Bwana shamba, kahawa yangu imetoa majani membamba ya njano. Watu wanasema dawa ya magugu imenyonya zinki yote ardhini. Ni kweli?"

Haya yanaonekana maswali mawili tofauti, lakini mzizi wake ni mmoja. Dawa hii ina tabia ya kushika madini ya metali: kalsiamu, magnesiamu, chuma, zinki, manganisi, shaba na alumini. Tabia hiyo kuna mahali inakula hela yako kimyakimya, na kuna mahali inasingiziwa tu. Ukijua tofauti, utaokoa dawa, utaokoa kahawa, na hutapoteza hela kununua zinki ambayo shamba lako halina shida nayo.

Kwanza tuelewane kuhusu jina. Roundup ni jina la biashara la kampuni moja, lakini huku kwetu Mkumbi kila dawa ya jamii hii tunaiita raundapu, hata kama kopo lina jina lingine. Kiini cha zote ni glaifoseti. Soma kopo lako: ukikuta imeandikwa glyphosate, makala hii inakuhusu.

Gando la kaa

Ukimtazama kaa anavyokamata kitu, hakigusi kwa ncha moja. Anakibana kwa gando, pande mbili kwa pamoja, na kukitoa pale ni kazi. Molekuli ya glaifoseti inafanya hivyo kwa atomi ya metali. Ina sehemu zaidi ya moja zenye chaji hasi, na metali zina chaji chanya. Zikikutana kwenye maji, glaifoseti inaizunguka metali na kuibana kutoka pande kadhaa. Wakemia waliotoa jina la kitaalamu la kifungo cha namna hii, mwaka 1920, walilichukua kwenye neno la Kigiriki lenye maana hiyohiyo ya gando.

Wala tabia hii si siri iliyogunduliwa juzi. Glaifoseti ilitengenezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1950 na mkemia Henri Martin wa kampuni ya dawa ya Cilag huko Uswisi, na haikupata kazi. Mwaka 1964 kampuni ya Stauffer Chemical ya Marekani ikapata hataza ya kundi la kemikali ambamo glaifoseti imo, kwa ajili ya uwezo wake wa kushika metali. Ni mwaka 1970 ndipo John Franz wa Monsanto alipogundua kwamba inaua mimea, na mwaka 1974 Roundup ikaingia sokoni. Yaani ilijulikana kama kishika metali kabla ya kujulikana kama kiua magugu.

Lakini tusichanganye mambo. Glaifoseti haiui nyasi kwa kuzinyima madini. Inaua kwa kuziba kimeng'enya kimoja ambacho mmea unakihitaji kutengeneza asidi amino tatu. Mmea unakosa vya kujengea protini, unadumaa, unageuka njano, unakufa taratibu kuanzia machipukizi hadi mizizi. Ili ifanye kazi hiyo, lazima ipenye kwenye jani ikiwa huru. Glaifoseti iliyokwisha kubana kalsiamu au zinki inapenya kwa shida. Inabaki juu ya jani kama chumvi kavu, na mvua ikija inaondoka nayo.

Kwa hiyo swali la kujiuliza ni moja: glaifoseti yako inakutana na metali wapi? Kuna sehemu tatu: kwenye bomba, kwenye udongo, na ndani ya mmea. Tuzipitie moja moja.

Kwenye bomba: hapa ndipo hela inapotea

Tuanze na maji. Maji magumu ni yale yenye kalsiamu na magnesiamu nyingi. Kila chanzo kina tabia yake: mto unaotoka mlimani hauko sawa na kisima kirefu, na kisima cha jirani yako hakiko sawa na chako. Kwa hiyo usikisie, pima.

Kipimo cha nyumbani ni sabuni ya mche, siyo ya unga. Chukua chupa mbili za nusu lita. Moja weka maji ya mvua uliyokinga, nyingine maji unayopigia dawa, kila moja nusu ya chupa. Tia vipande vya sabuni vilivyolingana, kama ukubwa wa punje ya hindi, tikisa sana, uache dakika moja. Maji ya mvua yatajaa povu. Kama yale mengine yana povu dogo na utando mweupe kama maziwa yaliyoganda, hayo ni maji magumu.

Hasara yake ni kubwa kiasi gani? Tupige hesabu. Bomba la lita 16, umetia mililita 150 za dawa iliyoandikwa 480. Hiyo 480 ni gramu za chumvi ya glaifoseti kwa lita. Glaifoseti yenyewe ni gramu 360. Kwa hiyo ndani ya bomba una gramu 54. Maji yakiwa magumu sana, yale yenye kipimo cha miligramu 400 kwa lita, kalsiamu iliyomo inatosha kubana karibu sehemu 1 kati ya 5 za dawa yako. Sasa yule anayebana matumizi, anayetia mililita 75 tu kwenye maji yaleyale? Kalsiamu ni ileile, dawa imepungua nusu. Kwake zinabanwa karibu sehemu 2 kati ya 5. Amepunguza dozi mara mbili: mara ya kwanza kwa mkono wake, mara ya pili kwa maji. Sangari na ndago haziwezi kufa hapo. Na ukirudia dozi hafifu kila msimu, magugu yanayobaki na kuzaa ni yale magumu.

Hii ni hesabu ya karatasini, nimechukulia kwamba kila molekuli moja inabana atomi moja. Shambani mambo hutofautiana kidogo, lakini mwelekeo ndio huo: dawa kidogo kwenye maji mengi magumu ni hasara.

Sasa tuje kwenye busta, na hapa nawasema ninyi vijana wenzangu mnaopenda njia ya mkato. Kuna mtindo wa kutia zinki au busta yenye madini kwenye bomba la raundapu kabla ya kupanda, ili "kibarua apite mara moja, magugu yafe na udongo ule". Tuchukue bomba letu la lita 16 lenye gramu 54 za glaifoseti. Umeongeza gramu 80 za salfeti ya zinki, kipimo cha kawaida cha nusu asilimia. Ukihesabu molekuli, kila molekuli 10 za glaifoseti zinakuta karibu atomi 9 za zinki zinazisubiri. Na zinki inabanwa kwa nguvu kuliko kalsiamu. Dawa yako karibu yote imepata mchumba kabla haijafika kwenye jani! Magugu hayafi sawasawa, zinki imeishia kwenye magugu, na kibarua umemlipa.

Shaba inabanwa kwa nguvu zaidi hata ya zinki. Sisi huku ni watu wa kahawa, na shaba tunaijua: ndiyo kopa tunayopulizia kuzuia kutu ya majani na chulebuni. Kopa nyingi haziyeyuki vizuri kwenye maji, lakini masalia yakiganda chini ya bomba na kwenye chujio, halafu kesho ukamimina raundapu humohumo, unaanza kazi na dawa iliyokwisha pungua. Na kinyume chake ni kibaya zaidi: masalia ya raundapu yakibaki, keshokutwa ukatia kopa au busta, unakwenda kuinyunyizia kahawa yako dawa ya magugu kwa mkono wako mwenyewe. Ndiyo maana nasema mkulima wa kahawa awe na mabomba mawili. La magugu lipige rangi nyekundu, lisiguse kazi nyingine.

Mambo mengine matatu kuhusu bomba:

Maji ya tope. Udongo wetu mwekundu umejaa chuma na alumini, na glaifoseti inaupenda kuliko inavyoyapenda magugu yako. Maji ya dimbwi yenye rangi ya chai ya maziwa yanaimaliza dawa. Ni hivyohivyo kwa nyasi za kando ya barabara zilizovikwa vumbi jekundu. Subiri mvua ya kwanza izioshe na zianze kuchipua, ndipo upige.

Vyombo vya bati. Ndoo ya bati imepakwa zinki. Usikorogee wala kuhifadhi mchanganyiko wa glaifoseti kwenye ndoo ya bati au pipa la chuma tupu. Siyo dawa kupungua tu: inatengeneza gesi ya haidrojeni, na gesi hiyo ikikutana na moto inaweza kulipuka. Tumia plastiki.

Mbolea. Ipo mbolea moja inayosaidia kweli, nayo ni SA. Salfeti yake inaikamata kalsiamu ya maji, na amonia yake inaungana na glaifoseti kuwa chumvi ambayo jani linaipokea kirahisi. Kwa maji magumu tia gramu 160 hadi 320 kwa bomba la lita 16. Iyeyushe kwanza kwenye ndoo ya plastiki, ichuje kwa kitambaa, imimine bombani, ndipo dawa ifuate. Utaratibu ni huo: SA kwanza, dawa baadaye. Ukianza na dawa, kalsiamu inakuwa imeshawahi. Na usije ukabadilisha kwa kufikiri mbolea ni mbolea. UREA haina salfeti, haiikamati kalsiamu. CAN ndiyo balaa, kwa sababu yenyewe ina kalsiamu: unaongeza adui.

Kwenye udongo: hapa inasingiziwa

Sasa ule ujumbe wa pili, kwamba raundapu imemaliza zinki ardhini.

Chukua eka moja. Udongo wa juu, kina cha sentimita 20, una uzito wa karibu kilo milioni 1. Umepiga lita 1.5 za dawa, yaani gramu 540 za glaifoseti. Tuseme tone lote limefika chini, hakuna hata moja lililobaki kwenye nyasi, na kila molekuli imebana zinki tu. Itakuwa imebana kama gramu 200 za zinki. Udongo wenye zinki ya kuchukuliwa na mimea kiasi cha sehemu 1 kwa milioni, ambao siyo udongo tajiri, una karibu kilo 1 kwenye eka hiyo. Kwa hiyo hata kwa dhana hiyo mbaya kabisa, zinki haijaisha.

Na dhana hiyo haitokei. Udongo mwekundu ukiwa na chuma asilimia 3 tu, eka hiyo ina tani kama 29 za chuma. Glaifoseti ikitua ardhini inanata kwenye chuma na alumini za udongo, haiendi kuitafuta zinki. Kunata huko ndiko kunakofanya dawa hii isizuie mbegu kuota, tofauti na atrazini ambayo inakaa ardhini ikifanya kazi. Baadaye bakteria wa udongo wanaivunjavunja kidogo kidogo, na yale madini yanaachiwa.

Wanasayansi wamebishana sana juu ya jambo hili, hasa Marekani kwenye soya na mahindi yaliyobadilishwa vinasaba yasidhuriwe na glaifoseti. Mwaka 2012 Stephen Duke na wenzake walipitia tafiti zilizokuwapo na kuandika kwamba nyingi hazionyeshi mazao hayo yakikosa madini kwa sababu ya dawa. Wapo wasiokubaliana nao. Kwa hesabu ya mashamba yetu, mimi sioni pa kuilaumu dawa kwa upungufu wa zinki ardhini.

Basi njano inatoka wapi? Mara nyingi inatoka kwenye uchachu wa udongo, mbolea ya aina moja kila mwaka, na mboji iliyokwisha. Wazee wa Kimatengo walipotengeneza ngoro walifukia nyasi, na nyasi zile zilirudisha madini ardhini. Sisi tumeingia na dawa tukaacha kufukia chochote. Kosa hilo si la gando la glaifoseti, ni la mfuko ambao tunachota tu bila kuweka. Pima udongo. Maabara za TARI Mlingano na za SUA Morogoro zinafanya kazi hiyo, na kwa kahawa kituo cha TaCRI kipo hapahapa Ugano.

Tahadhari mbili za udongo, hata hivyo. Kwanza, fosfeti na glaifoseti zinagombea viti vilevile kwenye chuma na alumini. Ukimwaga DAP nyingi mahali palipopigwa dawa jana, baadhi ya glaifoseti inaweza kuachia. Pili, magugu yanayokufa yanatoa dawa kidogo kupitia mizizi yake, jirani kabisa na mbegu yako. Kwa hiyo usipande siku inayofuata. Mimi nashauri siku 10 hadi 14. Na kama unataka kufukia nyasi hizo kwenye ngoro, zingoje zikauke kabisa.

Ndani ya mmea: hapa kahawa inaumia

Sehemu ya tatu watu wengi hawaifikirii. Upepo unapeperusha matone machache hadi kwenye jani la zao lako. Dozi haitoshi kuua, lakini inaingia. Ndani ya mmea glaifoseti inasafiri hadi kwenye machipukizi na ncha za mizizi, palepale madini yanapohitajika zaidi. Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sabanci, Uturuki, walichapisha jaribio la alizeti: walipulizia majani dozi ndogo, kama ile inayopeperushwa na upepo, na mimea ikashindwa kuchukua na kusafirisha chuma na manganisi kama inavyotakiwa.

Kwenye kahawa, dalili za dawa iliyopeperuka zinafanana sana na upungufu wa zinki: majani mapya membamba, yaliyorefuka kama utepe, yenye njano. Ndiyo maana mtu anakimbilia kununua zinki. Kabla hujanunua, angalia mambo matatu.

Angalia mahali. Dawa iliyopeperuka huonekana kwenye matawi ya chini na mistari ya upande ule upepo ulikotokea. Upungufu wa zinki huonekana kwenye ncha za matawi, shamba zima au kipande kizima chenye udongo wa aina moja.

Angalia tarehe. Kama majani yale yametoka wiki mbili tatu baada ya kupiga dawa, jibu unalo.

Angalia magugu. Kishonanguo na mimea mingine laini chini ya mti huohuo ikiwa nayo imepinda na kugeuka njano, siyo zinki.

Mti mkubwa ulioguswa kidogo kwa kawaida unapona wenyewe ukipata maji na matunzo. Mche mchanga ni habari nyingine: shina lake bado bichi, linainywa dawa moja kwa moja. Kwa miche ya chini ya miaka miwili, palilia kwa jembe nusu mita kuzunguka shina, na dawa iishie katikati ya mistari tu. Piga asubuhi upepo ukiwa umetulia, pua ya bomba iwe na kofia, iwe chini karibu na magugu.

Kabla hujafungua kopo

1. Pima maji yako kwa sabuni ya mche. Povu likigoma, tia SA kwanza, dawa baadaye.
2. Tumia maji safi. Yenye tope yaache yatulie, uchote ya juu.
3. Usichanganye glaifoseti na zinki, busta, kopa wala CAN. Kila kitu kina siku yake.
4. Tumia dozi ya kwenye lebo, na usiongeze maji ili dawa "ienee". Piga siku hiyohiyo uliyochanganya.
5. Bomba la magugu liwe peke yake. Vyombo viwe vya plastiki.
6. Nunua dawa iliyosajiliwa na TPHPA, kopo lenye lakiri, na udai risiti. Vaa buti, glavu, kinga ya uso na nguo za mikono mirefu.
7. Zinki ikihitajika, itumie kwa zao lenyewe, kwa bomba safi, baada ya vipimo kusema hivyo.

Vijana wengi wakiona nyasi zimeamka, wanachofanya ni kwenda duka la pembejeo kununua lita nyingine. Ndugu yangu, lita ya pili kwenye maji yaleyale na bomba lilelile itabanwa kama ya kwanza. Anza na chupa mbili na kipande cha sabuni. Havizidi dakika 5. Ukipata majibu ya kukushangaza, nitumie picha ya chupa zako zote mbili, uniandikie na maji umeyachota wapi. Nikizipata za kutosha tutajua ni vyanzo gani hapa Mkumbi vinahitaji SA na vipi havina haja.